Siagi Ndani ya Chupa: Chardonnay, Nasaba na Swali la Nani Anastahili Sifa

Miaka kadhaa iliyopita, jioni ya siku ya mwisho ya kongamano la wanahistoria mjini Stellenbosch, Afrika Kusini, profesa mmoja mstaafu wa mji ule alitualika watu wanne nyumbani kwake kwa chakula. Samaki walipokwisha kuliwa, mzee aliingia ghalani akatoka na chupa aliyoivisha soksi ya sufu, kuanzia shingoni hadi kitakoni, ili lebo isionekane. Alimmiminia kila mmoja wetu kidogo, akatuambia tuonje bila haraka, kisha kila mtu aseme mvinyo ule umetoka wapi na una umri gani.

Mimi si mjuzi wa mvinyo, na najua kwamba baadhi ya wasomaji wangu hawagusi kileo kabisa, ama kwa imani ama kwa afya. Makala hii haimshawishi yeyote kunywa. Nieleze tu nilichokutana nacho katika bilauri ile. Rangi ilikuwa dhahabu iliyokolea, karibu na asali. Harufu ya kwanza ilikuwa siagi, ile inayopanda kutoka kwenye sufuria samli inapoanza kuiva jikoni. Nyuma yake zikaja korosho zilizokaangwa na ganda la chungwa lililokauka. Mdomoni ulikuwa mzito bila kuwa mtamu, na mwishoni ukaacha uchachu mwembamba uliosafisha ulimi. Zamu yangu ilipofika nilisema, "Ufaransa." Mzee akaniuliza kwa nini. Nilikosa jibu la kunisitiri. Sababu ya kweli ilikuwa moja tu: kinywaji kilikuwa kizuri.

Akaivua soksi. Ilikuwa Chardonnay ya mwaka 1997, iliyotoka katika shamba lililo mwendo wa chini ya saa moja kwa gari kutoka mezani petu.

Nilirudi hotelini nikiwa na fedheha ndogo isiyokubali kulala. Kwa miaka mingi nimewafundisha vijana kwamba ukoloni haukuishia kwenye bendera, kwamba uliacha mizani yake ndani ya vichwa vyetu. Usiku ule mizani hiyo ilipima mbele ya mashahidi, nayo ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeulizwa swali la ladha, nikajibu kwa ngazi ya vyeo. Tangu hapo nimeisoma historia ya zabibu hii kama mtu anayetafuta chanzo cha kosa lake. Ninachokileta hapa ni matokeo ya usomaji huo.

Tuanze na siagi yenyewe, kwa maana ndiyo iliyonidanganya. Zabibu haina siagi. Juisi yake ina asidi kali, ileile iliyomo katika tufaha bichi. Chachu inapokwisha kugeuza sukari kuwa kileo, huweza kufuata uchachushaji wa pili ambao si kazi ya chachu bali ya bakteria, hasa aina iitwayo Oenococcus oeni. Bakteria hao huibadili asidi kali ya tufaha kuwa asidi laini, ile ya maziwa yaliyoganda. Katika kufanya hivyo huacha kiasi kidogo cha kemikali iitwayo diasetili, na diasetili ndiyo inayoipa siagi harufu yake. Mtengenezaji anaweza kuruhusu jambo hilo litokee, anaweza kulizuia, au akaliruhusu katika baadhi tu ya mapipa. Pipa jipya la mwaloni huongeza harufu ya vanila na moshi. Mashapo ya chachu yakiachwa ndani ya pipa na kukorogwa mara kwa mara huongeza uzito mdomoni. Kisha hewa kidogo sana inayopenya kizibo, mwaka baada ya mwaka, hugeuza rangi na kuleta zile harufu za karanga na asali. Mvinyo mwekundu hupauka kwa uzee, mweupe hukolea.

Kwa hiyo karibu kila nilichokisifu jioni ile kilitokana na uamuzi wa mtu. Chardonnay ni zabibu isiyo na harufu kali ya kwake mwenyewe. Hupokea tabia ya udongo, ya hali ya hewa, ya pipa na ya mkono. Pengine ndiyo maana imekubali kuhamia nchi nyingi kiasi hicho. Lakini hapo ndipo fumbo linapoanza. Ikiwa ubora wake unategemea kazi kwa kiasi hiki, kwa nini dunia imezoea kuuhesabu kama nasaba?

Neno nasaba nimelichagua kwa makusudi. Chardonnay ni jina pia la kijiji kilicho kusini mwa Burgundy, mashariki ya Ufaransa, na kwa karne nyingi zabibu hiyo imesimuliwa kama mwana wa ukoo bora. Burgundy yenyewe ilijengwa kama nchi ya ngazi. Watawa wa Citeaux, abasia iliyoanzishwa mwaka 1098, walilima mizabibu katika vipande vya ardhi walivyovizungushia kuta, wakajifunza kwa vizazi kipi kinatoa nini. Watawala wa dunia nao wakaingiza amri zao. Mwaka 1395, Philip, mtawala wa Burgundy aliyeitwa Shujaa, alitoa tangazo la kuufukuza mzabibu wa Gamay kutoka ardhi yake, akiulaani kuwa mmea mbaya usio mwaminifu. Gamay ulizaa sana na haukudai matunzo mengi, na kwa sababu hizo wakulima wadogo waliupenda. Mtawala alitaka Pinot, mzabibu wa heshima. Chini kabisa ya ngazi hiyo palikuwa na mzabibu uitwao Gouais, wa watu wa hali ya chini kabisa, uliopandwa mahali ambapo Pinot haukustahili kupandwa, na ambao mamlaka za sehemu mbalimbali zilijaribu kuukataza kwa nyakati tofauti.

Mambo yakakaa hivyo kwa miaka mia sita. Kisha mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, tawi la Davis, John Bowers na Carole Meredith, wakishirikiana na wenzao wa Ufaransa, walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kupima vinasaba vya mizabibu ya kaskazini mashariki mwa Ufaransa. Chardonnay ilionekana kuwa mtoto wa Pinot na Gouais. Malkia wa mizabibu myeupe alizaliwa na mheshimiwa na mzabibu wa makabwela, bila shaka kwa chavua iliyopeperuka tu kutoka kipande kimoja cha shamba hadi kingine. Haikuishia hapo. Gamay, ule mmea "usio mwaminifu" wa mwaka 1395, ulionekana kuwa mtoto wa wazazi walewale wawili. Mtawala alikuwa amemfukuza ndugu wa damu wa zabibu ambayo Burgundy ingekuja kujivunia duniani kote.

Sisemi kwamba Gamay na Chardonnay ni sawa kwa ladha; ndugu hutofautiana. Ninasema kwamba hoja ya damu, iliyotumika kupanga ngazi, haikuwa na msingi. Na laiti amri za kuuondoa Gouais zingetekelezwa mapema na kwa ukamilifu, Chardonnay isingezaliwa. Kila mtumishi wa umma anayeshika kalamu ya kukataza angefaa kulikumbuka jambo hili. Kinachoonekana leo kuwa magugu huenda ni mzazi wa kesho.

Ngazi ya Burgundy ilitikiswa mara mbili kabla ya karne ya 20. Mara ya kwanza ni Mapinduzi ya Ufaransa. Tarehe 2 Novemba 1789 mali ya Kanisa iliwekwa mikononi mwa taifa, na mashamba ya watawa yakauzwa. Shamba mashuhuri la Clos de Vougeot, lenye ukubwa wa takribani hekta 50, liliuzwa mwaka 1791. Baadaye sheria ya mirathi iliyowapa watoto wote haki sawa ikasaidia kuligawa na kuligawa tena, na leo lina wamiliki wapatao 80. Mara ya pili ni mdudu. Katika miaka ya 1860 filoksera, kidudu mfano wa chawa anayeshambulia mizizi, aliingia Ufaransa kutoka Amerika ya Kaskazini na kuanza kuangamiza mizabibu mkoa baada ya mkoa. Dawa iliyopatikana ilikuwa chungu kwa fahari ya taifa: kupandikiza mizabibu ya Kifaransa juu ya mashina ya Kimarekani, ambayo mizizi yake ilikuwa imezoea kuishi na mdudu huyo. Wengi walipinga. Mwishowe walikubali, kwa sababu njaa haina mjadala.

Kilichofuata ni sheria. Baada ya miongo ya udanganyifu, ambapo mvinyo wa mahali pasipojulikana uliuzwa kwa majina makubwa, Ufaransa iliweka mwaka 1935 mfumo wa kitaifa wa majina ya asili: jina la mahali haliwekwi kwenye chupa isipokuwa zabibu zimetoka mahali hapo na zimetunzwa kwa kanuni zilizoandikwa. Ni sheria yenye busara, na sina ugomvi nayo, maana ilimlinda mkulima mkweli dhidi ya mchuuzi mwongo. Lakini kila sheria inayolinda jina hubeba hatari yake. Jina likilindwa kwa muda mrefu, watu huanza kuamini kwamba jina ndilo ladha.

Imani hiyo ilipata mtihani wake tarehe 24 Mei 1976, katika hoteli moja ya Paris. Steven Spurrier, Mwingereza aliyekuwa na duka la mvinyo mjini humo, pamoja na mwenzake Mmarekani Patricia Gallagher, waliwaalika waamuzi tisa wa Kifaransa. Hawakuwa watu wa kubahatisha. Walikuwamo wenye mashamba, wenye mikahawa ya hadhi ya juu, mhariri wa jarida kubwa la mvinyo na afisa wa taasisi iliyosimamia majina yale ya asili. Mbele yao ziliwekwa Chardonnay kumi, nne za Burgundy na sita za California, bila majina. Spurrier mwenyewe alitarajia Wafaransa washinde. Alitaka tu kuonyesha kwamba Wamarekani nao wanajitahidi.

Mwandishi wa habari aliyehudhuria alikuwa mmoja, George Taber wa jarida la Time. Alikuwa na orodha ya chupa mkononi, na kwa hiyo aliona kile ambacho waamuzi hawakuweza kukiona. Mmoja wao alionja mvinyo wa California akatamka kwa raha kwamba sasa amerudi Ufaransa. Alama zilipojumlishwa, wa kwanza alikuwa Chateau Montelena ya mwaka 1973, kutoka California, kwa alama 132. Wa pili, Meursault ya Burgundy ya mwaka huohuo, alipata 126.5. Wa tatu na wa nne walitoka California tena. Kila mwamuzi, bila kubaki hata mmoja, alikuwa ameiweka chupa ya California katika nafasi ya kwanza. Matokeo ya mvinyo mweupe yalitangazwa kabla ya kuonja mwekundu, hivyo waamuzi waliingia raundi ya pili wakiwa macho, na bado chupa ya California, Stag's Leap ya mwaka 1973, ikashinda. Mhariri wa lile jarida, Odette Kahn, alidai arudishiwe karatasi yake ya alama. Spurrier alikataa.

Aliyetengeneza Chardonnay ile iliyoshinda hakuwa na jina kubwa. Mike Grgich alizaliwa mwaka 1923 katika kijiji cha Croatia, akaondoka Yugoslavia ya wakati huo, na akafika California mwaka 1958 akiwa mhamiaji maskini. Aliajiriwa katika viwanda vya mvinyo vya watu wengine kwa karibu miaka ishirini kabla ya kuanzisha cha kwake. Leo chupa ya Montelena ya mwaka ule imehifadhiwa katika makumbusho ya taifa ya historia ya Marekani mjini Washington. Ni jambo la kutafakari kwamba taifa lililoweka chupa hiyo makumbusho liliwahi kupiga marufuku kileo kikatiba, kati ya 1920 na 1933, na kuangamiza sehemu kubwa ya ujuzi wake wa mvinyo. Waliokuja kuujenga upya wengi walikuwa wageni kama Grgich.

Wakosoaji wamesema kwamba waamuzi tisa ni wachache, kwamba tofauti ya alama kati ya wa kwanza na wa pili ni ndogo, kwamba siku nyingine matokeo yangekuwa mengine. Ukosoaji huo ni halali, na mwanafunzi wa takwimu ataukubali. Lakini hoja ya siku ile haikuhitaji California iwe bora kuliko Burgundy. Ilihitaji tu kuonyesha kwamba, jina likifunikwa, watu waliotumia maisha yao kusema wanaijua tofauti hawakuweza kuiona. Hilo lilithibitika.

Sisi walimu tunaujua mtihani wa namna hii. Mtahiniwa wetu huandika namba juu ya karatasi yake na kuliacha jina nje ya chumba cha mtihani. Tunafanya hivyo kwa sababu tunajijua. Msahihishaji aliye mwadilifu kabisa, akiona jina la mtoto wa mkubwa, kalamu yake hubadilika mwendo kidogo, na akiona jina la kabila asilolipenda hubadilika pia. Namba haimfanyi msahihishaji kuwa mtu mwema. Inamwondolea nafasi ya kuwa mbaya. Swali langu kwa watumishi wa umma ni kwa nini nidhamu tunayomtaka nayo kijana wa kidato cha nne huishia kwenye lango la shule. Zabuni husomwa majina kwanza. Maombi ya kazi husomwa jina la chuo kwanza. Ripoti ya mtaalamu wa nje hupokelewa kwa heshima ambayo ripoti hiyohiyo, ikiandikwa na mtaalamu wa wilayani, haiipati. Mara ngapi tumesema "Ufaransa" kabla ya kuonja?

Nirudi Stellenbosch, kwa maana chupa ya mzee ilikuwa na hadithi ya kwake. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 wakulima wa Afrika Kusini waliitamani Chardonnay ambayo dunia ilikuwa imeanza kuiulizia. Njia halali ya kuingiza vipando ilipita katika karantini ya serikali, nayo ilichukua miaka mingi. Sekta nzima ilikuwa chini ya KWV, ushirika ulioundwa mwaka 1918 ambao baadaye ulipewa mamlaka ya kisheria juu ya bei na hata juu ya nani alime mizabibu wapi. Baadhi ya wakulima walichoka kusubiri, wakaingiza vipando kwa magendo. Mashamba yakapandwa, mvinyo ukatengenezwa. Kisha ikagundulika kwamba sehemu ya mizabibu ile haikuwa Chardonnay. Ilikuwa Auxerrois, zabibu nyingine kabisa. Serikali iliunda tume ya uchunguzi, Tume ya Klopper, iliyotoa taarifa yake mwaka 1986.

Itazame tarehe hiyo. Hii ilikuwa serikali iliyopitisha mwaka 1950 sheria ya kuwaandikisha wananchi wote kwa rangi, yenye maafisa waliopewa kazi ya kuamua nani ni mweupe, nani ni mweusi, nani ni chotara, na kuzitenganisha familia kwa uamuzi huo. Iliamini kwamba inaweza kusoma damu ya binadamu. Mwaka 1986 nchi ilikuwa katika hali ya hatari, jela zikiwa zimejaa, nayo ililazimika kuunda tume kuchunguza mizabibu iliyopandwa kwa jina lisilo lake. Na historia ikaongeza mzaha wa mwisho: utafiti ule wa mwaka 1999 ulionyesha kwamba Auxerrois nayo ni mtoto wa Pinot na Gouais. Mdanganyifu aliyeingizwa kwa magendo alikuwa ndugu wa Chardonnay, baba mmoja, mama mmoja.

Upo mzaha, lakini pia upo uzito ambao soksi ya mzee haikuufunua. Mvinyo wa Rasi ulianza mapema. Jan van Riebeeck, kamanda wa kituo cha Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki, aliandika katika kumbukumbu zake tarehe 2 Februari 1659 kwamba zabibu za Rasi zimekamuliwa kwa mara ya kwanza. Mwaka mmoja kabla, mwaka 1658, zilikuwa zimewasili pale shehena za kwanza kubwa za watumwa. Hadi mwaka 1808, wakati biashara ya kuwaingiza kwa njia ya bahari ilipokomeshwa, wanahistoria wanakadiria kwamba watumwa wapatao 63,000 walikuwa wameletwa Rasi: kutoka India, visiwa vya Indonesia, Madagaska, na kutoka Msumbiji na pwani yetu ya Afrika Mashariki. Walichimba mashimo, wakapanda, wakapogoa, wakakamua. Msomaji wa pwani anayedhani kwamba hadithi ya mvinyo ni ya Wazungu peke yao akumbuke kwamba watu wa bahari hii walikuwamo shambani tangu mapema.

Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1834, na watumwa wakaachiwa kweli mwaka 1838, baada ya miaka minne ya kile kilichoitwa uanagenzi. Lakini shamba lilibuni kamba nyingine. Mfanyakazi alilipwa sehemu ya ujira wake kwa mvinyo hafifu, kikombe baada ya kikombe, kuanzia asubuhi. Utaratibu huo uliitwa dop. Ulipigwa marufuku katika miaka ya 1960, lakini uliendelea kwa siri na hata kwa uwazi kwa miongo kadhaa. Matokeo yake yanaonekana hadi leo: Rasi ya Magharibi ni miongoni mwa maeneo yenye viwango vya juu kabisa duniani vya watoto wanaozaliwa na madhara ya pombe iliyonywewa na mama wakati wa ujauzito. Chupa yangu ya mwaka 1997 ilitengenezwa miaka mitatu tu baada ya uchaguzi wa kwanza wa watu wote. Ile siagi laini ilipita katika mikono ambayo sikuijua, na sikuuliza.

Hapa ndipo hoja yangu inapojigeukia yenyewe. Nimesifu kufunika jina. Ni haki kwa mvinyo, na ni haki kwa mtahiniwa. Lakini kitambaa kinachofunika lebo hufunika pia shamba. Mwamuzi wa Paris aliyeonja bila kuona aliepuka upendeleo, ila hakuweza kuijua mishahara. Ulimi hautambui ujira. Kwa hiyo jamii yenye haki inahitaji mitihani miwili, wala mmoja hauwezi kushika nafasi ya mwingine. Tunapopima ubora wa kazi, tufunike jina la mwenye kazi. Tukishaupima, tuvue soksi na tuulize nani alilima, alilipwa nini, na watoto wake wanaishije. Ubepari wa kisasa hupenda mtihani wa kwanza na huuchukia wa pili. Baadhi yetu tulio upande wa wanyonge tumefanya kinyume: tumeuliza sana nani alifanya, tukaogopa kuuliza kama amefanya vizuri. Makosa yote mawili huishia kumwacha mkulima palepale.

Na sisi tunao wakulima wa zabibu. Dodoma, ambako mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Burgundy haiwezi kuliota, wakulima wadogo wanalima Makutupora nyekundu na Chenin Blanc nyeupe. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi mjini humo ulifanywa mwaka 1973, mwaka uleule zilipochumwa zabibu za Montelena. Leo watumishi wengi wanaosoma makala hizi wanaishi na kufanya kazi umbali mfupi kutoka mashamba hayo. Sisemi Dodoma ipande Chardonnay, wala sisemi mvinyo wake usifiwe kwa sababu ni wetu. Sifa ya kizalendo ni dharau iliyovaa kanga, kwa sababu humwambia mkulima kwamba hatumtarajii kufikia kiwango. Ninasema uonjwe ukiwa umefunikwa, pamoja na ule unaotoka nje, na waamuzi waseme wanachokionja. Ukishindwa, tujue umeshindwa wapi: katika mmea, katika pipa, katika usafi, au katika miaka ya kusubiri ambayo hakuna benki iliyokubali kumkopesha mkulima. Ukishinda, jina lake lilindwe kwa sheria kama wengine walivyoyalinda ya kwao, na bei ya kilo shambani ipande pamoja na sifa.

Mwaka uliofuata nilimwandikia mzee yule kumshukuru tena, nikamwuliza swali ambalo sikuliuliza mezani: nani walifanya kazi katika shamba lile mwaka 1997? Alijibu kwa mistari michache. Alisema katika miaka yote ya kuifungulia wageni chupa kama ile, nilikuwa wa kwanza kumwuliza, na kwamba hajui. Aliahidi kwenda kuuliza.